Kabla Hujanunua GPS, Jiulize Huwa Unapotelea Wapi

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya magari Kariakoo ukasema unataka GPS, muuzaji atakuuliza swali moja tu: ya gari au ya bodaboda? Ameshajua shida yako. Mtaani kwetu GPS ni kile kidude kinachofichwa nyuma ya dashibodi au chini ya kiti cha pikipiki, kikiwa na laini ya simu ndani yake, ili chombo kikiibwa mwenyewe akitafute kupitia simu yake. Leo sizungumzii hicho. Nazungumzia GPS ya kukuongoza wewe mwenyewe, barabarani, porini na mlimani kwa miguu. Naanzia kwa kidude cha kunasia wezi kwa sababu nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa kifaa kimoja huku wakiamini wamenunua kingine.

Kidude hicho kina kazi mbili. Ya kwanza ni kujua kiko wapi, na hiyo hufanywa kwa kusikiliza setilaiti. Ya pili ni kumpa taarifa mwenye mali, na hiyo hufanywa kwa mtandao wa simu. GPS ni ile kazi ya kwanza peke yake. Kifaa cha kuongozea njia husikiliza, hakisemi. Setilaiti haikuoni wala haijui kama upo, kama vile msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku asivyojua ni nani amewasha redio huko Nachingwea. Kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kupeleka wageni Ziwa Natron aliniambia kwa kujiamini, "Mzee, nikikwama wataniona tu kwenye GPS." Nikamuuliza, akina nani? Alikuwa hajafika hapo kwenye mawazo yake.

Mimi ni mpima ardhi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha madereva wa watalii kutumia vifaa hivi. Swali ninaloletewa kila mara ni "ipi nzuri?" Nami hujibu kwa swali: huwa unapotelea wapi? Anayepotea kwenye vichochoro vya Tabata haumwi ugonjwa mmoja na anayepotea kwenye ukungu wa milima ya Aberdare, na dawa zao hazifanani.

Tuone kwanza pale ambapo vifaa vyote hufanana. Setilaiti za GPS za Marekani, zipatazo 31, huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja imebeba saa ya atomiki na kazi yake ni kutangaza muda bila kupumzika. Tangazo hilo husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, likamfikia mtu aliye chini baada ya takriban sehemu saba za mia za sekunde. Kifaa chako hupima ucheleweshaji huo na kuugeuza kuwa umbali. Ukikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea kwa mita 300. Ndiyo maana kifaa kinahitaji setilaiti nne badala ya tatu: tatu ni za kupata mahali, ya nne ni ya kurekebisha saa ya kifaa chako, ambayo ni ya bei rahisi na haiaminiki.

Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya raia, ili jeshi lake peke yake lipate vipimo safi. Usiku huo vurugu hiyo ilizimwa, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa makumi ya mita vikaamka asubuhi vikiwa hodari. Tangu hapo Urusi imeimarisha mfumo wake wa GLONASS, Ulaya ikajenga Galileo, China ikajenga BeiDou. Simu ya kawaida unayoinunua leo husikiliza mifumo yote minne kwa pamoja. Katikati ya uwanda wa Serengeti, mahali ambapo mbingu iko wazi kila upande, simu hiyo na kifaa cha bei mara tano yake vitatofautiana kwa mita chache ambazo wala gurudumu lako haliwezi kuzihisi.

Kwa hiyo usidanganyike kwamba unalipia mahali. Mahali ni bure. Unalipia ramani, betri, ganda na kioo.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuliangalia kuliko mnunuzi wa Ulaya. Mawimbi ya setilaiti hupita kwenye tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na tabaka hilo hapa karibu na Ikweta hutibuka, hasa saa chache baada ya jua kuzama. Mawimbi hucheleweshwa, wakati mwingine hukatikakatika. Kifaa kinachopokea masafa mawili, ambacho kwenye maelezo yake utaona L1 na L5, hulinganisha ucheleweshaji wa masafa hayo na kuufuta sehemu kubwa. Masafa hayo mawili husaidia pia kwenye korongo refu na chini ya miti mikubwa, ambako ishara hudunda kwenye mwamba kabla ya kukufikia. Kama una fedha za ziada, zitupe hapo. Lakini boksi likijisifu kuwa lina WAAS, usiongeze hata shilingi. Huo ni mfumo wa masahihisho uliojengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na mwenzake wa Ulaya unaitwa EGNOS. Masahihisho yao hayakutengenezwa kwa anga letu.

Haya, barabarani. Nitasema kwa ufupi kwa sababu jibu ni fupi: tumia simu uliyo nayo. Habari za foleni ya Ubungo au Thika Road hutokana na simu za madereva wenzako waliokwama humo, na kifaa kisicho na intaneti hakiwezi kuzijua. Pakua ramani ukiwa kwenye waifai nyumbani ili bando likiisha Chalinze usibaki kipofu. Kwa Dar es Salaam, programu zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, kama OsmAnd na Organic Maps, zina vichochoro na mitaro ambayo ramani za kibiashara zilikuwa hazina. Hiyo ni kazi ya mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika walitembea kwa miguu wakiandika njia moja baada ya nyingine. Kibera walitangulia, mwaka 2009.

Kifaa maalumu cha gari bado kina wateja wake. Dereva wa lori anayetoka bandarini kwenda Lubumbashi hataki kioo kinachozimika kwa joto la mchana wala simu inayoita katikati ya mzunguko. Tatizo la vifaa vingi vya gari vinavyouzwa mitumba ni kwamba vilitoka Ulaya na ramani za Ulaya. Kitakuonesha barabara zote za Ubelgiji, na Tanzania itakuwa mstari mmoja wa Cairo hadi Cape Town. Kabla ya kutoa pesa, tafuta kijiji cha bibi yako humo ndani. Kama hakipo, unanunua kioo tu.

Hata hivyo simu nayo hukosea kwa namna yake. Mwambie ikupeleke Mwanza kutoka Arusha kwa njia fupi, na huenda ikakupitisha Karatu, ikakuingiza lango la Lodoare, ikakupeleka Naabi na kukutoa Ndabaka. Kwenye kioo ni mstari mzuri. Haijakwambia kwamba umepita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na Serengeti, kwamba kila lango lina ada yake, na kwamba usiku huruhusiwi kuendesha humo. Dereva anayeijua nchi yake atapita Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, juu ya lami, na atakunywa chai njiani. Programu hupima kilomita na kukisia dakika. Haina mfuko wa pesa.

Faida moja ya GPS barabarani watu hawaisemi sana: mwendokasi. Spidomita ya gari hutengenezwa makusudi isionyeshe chini ya kasi halisi, kwa hiyo karibu zote huonyesha zaidi kidogo. Ukifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, hesabu inageuka na spidomita inaanza kukudanganya upande wa hatari. GPS haijali matairi. Kwenye kijiji chenye kibao cha 50, mtu mwenye matairi makubwa na spidomita peke yake anaweza kukutana na tochi ya trafiki akiwa na dhamiri safi kabisa. Ila usijaribu kumwonesha afande kioo chako kama ushahidi.

Sasa tushuke kwenye vumbi, kwa sababu huko ndiko mahali ambapo uchaguzi mbaya hulipiwa.

Kwanza tuelewane: ndani ya hifadhi zetu za taifa, Tanzania na Kenya, kuacha barabara na kukata nyika ni kosa. Ninapozungumzia porini nina maana ya njia za gari zisizo na lami wala kibao: Engaruka kwenda Natron, maeneo ya Chalbi kule kaskazini mwa Kenya, au mashimo ya Katavi wakati wa kiangazi. Huko swali la "nipite wapi" mara nyingi halina jibu kwenye ramani. Njia moja hugawanyika ikawa sita, kila dereva akikwepa tope la mwenzake, kisha huungana tena baada ya kilomita mbili, au isiungane. Barabara uliyoiona kwenye picha ya setilaiti iliyopigwa Agosti, mwezi wa Aprili ni tope jeusi la mbuga linalomeza Land Cruiser hadi kwenye ekseli. Korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi linaweza kuwa mto jioni kwa mvua iliyonyesha mahali ambapo wewe hukuiona.

Kwa hiyo porini kazi kubwa ya GPS si kukuonesha njia ya mbele. Ni kukumbuka njia uliyotokea. Mimi huiita nyayo: ule mstari ambao kifaa huuchora nyuma yako kadiri unavyokwenda. Nyayo zako ni njia pekee ambayo una hakika kwamba gari lako linaweza kuipita, kwa sababu limeshaipita leo. Giza likiingia, kijito kikijaa mbele yako, mgeni akiugua, unageuza na kufuata mstari wako hadi mahali ulipokunywa chai. Nimewaona madereva wenye vifaa vya gharama ambao hawajawahi kuwasha kurekodi nyayo. Ni sawa na kuwa na ng'ombe wa maziwa ukamfuga kwa ajili ya samadi.

Unaponunua, basi, uliza haya: kinahifadhi nyayo ndefu kiasi gani kabla ya kuanza kufuta za mwanzo? Ninaweza kuzirudia kwa kubonyeza mara moja? Ninaweza kuzitoa nikampa dereva mwenzangu kwa faili la GPX? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Kampuni ndogo ya utalii yenye faili la nyayo za miaka mitano, za masika na za kiangazi, ina ramani ambayo hakuna duka linaloiuza. Wanaouza ramani za namna hiyo kwa bara zima wapo, mfano Tracks4Africa ya Afrika Kusini, iliyoanza kwa kukusanya nyayo za wasafiri. Ramani zao huonyesha muda wa safari, na hilo ndilo dereva wa porini analotaka. Kilomita 60 za kutoka Mto wa Mbu si sawa na kilomita 60 za kutoka Chalinze.

Kisha kuna ganda na namna ya kulifunga. Barabara ya mawimbimawimbi huua vifaa kuliko mvua. Kile kibandiko cha kunyonya kioo cha mbele kitaanguka. Swali ni kilomita ya ngapi. Tafuta kifaa chenye mguu wa chuma unaofungwa kwa skrubu, na waya wa umeme unaofungwa moja kwa moja kwenye mfumo wa gari badala ya kuchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambalo hulegea kila mtikisiko. Hapo angalia volti. Fuso, malori mengi na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina volti 24, na chaja iliyoandikwa 12 tu itaungua siku ya kwanza, pengine pamoja na kifaa. Vifaa kama Garmin Montana 700 au familia ya Tread vilitengenezwa kwa mateso haya: kioo kikubwa, ganda la kuvumilia vumbi na maji, mguu imara. Bei yake ni ya mateso pia. Kwa anayekwenda porini mara mbili kwa mwaka, tableti ya kawaida iliyofungwa vizuri, yenye OsmAnd na ramani zilizopakuliwa, itafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hakikisha tu kwamba tableti yenyewe ina kipokezi cha GPS. Zile za bei rahisi zisizo na sehemu ya laini mara nyingi hazina, na muuzaji ataapa kwamba zinayo kwa sababu ameona ramani ikifunguka kwa waifai ya dukani.

Kabla sijashuka garini, neno kuhusu namba. Ajali nyingi za GPS nilizowahi kuzisikia hazikutokana na kifaa kibovu. Zilitokana na namba iliyoandikwa vibaya. Latitudo ya kusini mwa Ikweta huandikwa kwa herufi S au kwa alama ya kutoa. Chukua katikati ya Kreta ya Ngorongoro, takriban digrii 3.2 kusini na 35.6 mashariki. Sahau ile alama ya kutoa, na kifaa kitakupeleka kwa utii kamili karibu na Lodwar, Turkana. Madereva hucheka ninapowaonesha hilo darasani. Kosa linalonitisha zaidi ni lile lisilochekesha, la namba zinazofanana. Mtu anakutumia "3 15.5", maana yake digrii tatu na dakika kumi na tano na nusu. Wewe unaandika 3.155. Kifaa hakilalamiki, ramani haiendi nchi nyingine, kila kitu kinaonekana sawa, na uko kilomita kumi na moja na nusu kutoka kwenye kambi unayoitafuta. Kubalianeni namna moja ya kuandika, ofisi nzima, na muibandike juu ya meza.

Wenye ramani za zamani za karatasi, zile nzuri za vipimo vya 1:50,000 zilizochorwa enzi za Waingereza na miaka iliyofuata, wana mtego wao. Zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Ukichukua namba kutoka kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kifaa bila kubadili mfumo, unakosea kwa takriban mita 300. Nyikani si kitu. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita 300 zinaweza kuwa juu au chini ya genge. Kifaa kizuri kina menyu ya kubadili mfumo huo. Simu nyingi hazina. Na kama unatumia gridi ya UTM, kumbuka kwamba mpaka wa kanda ya 36 na 37 uko kwenye digrii 36 mashariki, kwa hiyo dereva anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro huuvuka kabla ya chakula cha mchana na namba zake za mashariki huruka ghafla. Hajaharibikiwa.

Kwa miguu mambo hubadilika, maana sasa kila gramu iko mgongoni mwako na hakuna injini ya kuchaji.

Nianze na mlima ambao kila mtu huniuliza. Kwa kupanda Kilimanjaro huna haja ya kununua GPS. Sheria inakutaka uende na muongozaji, njia imekanyagwa na wapagazi maelfu kwa maelfu, na tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefikishwa Horombo, mita 3,720 juu. Ukitaka kumbukumbu ya nyayo zako, simu inatosha. Vifaa hivi vinathibitisha thamani yake kwingine: kwenye misitu ya Uluguru na Udzungwa ambako huoni mbele mita ishirini, Hanang wakati wingu limeshuka, na zaidi ya yote kwenye nyika za juu za Mlima Kenya na Aberdare, ambako ukungu huingia kwa dakika kumi na kila kichaka kinafanana na mwenzake.

Huko nataka vitufe. Kioo cha kugusa hakisikii kidole chenye glavu, na tone la mvua hukigusa badala yako. Nataka betri ninazoweza kubadilisha: jozi ya AA, kama zile za eTrex za kawaida au GPSMAP 65, kwa sababu duka la Lushoto haliuzi betri ya kifaa changu lakini AA linazo. Si AA zote zilizo sawa. Betri ya alkali hulegea kwenye baridi. Ya litiamu isiyochajika huvumilia baridi kali na ni nyepesi, ila huipati kila duka, inunue mjini. Ukibadili aina ya betri, badili pia kwenye menyu, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Vifaa vipya kama GPSMAP 67 vina betri ya ndani inayodumu siku kadhaa, na kwa safari ya wiki moja hilo linatosha. Kwa simu kanuni ni nyepesi: iweke kwenye hali ya ndege, maana kinachomaliza chaji msituni ni simu kuhangaika kutafuta mnara usiokuwepo, GPS itaendelea kusikiliza. Usiku lala nayo ndani ya blanketi.

Mambo mawili huongeza bei kwenye vifaa vya mkononi, na nadhani moja lina thamani. Ni dira ya ndani. Kifaa kisicho nayo hujua unaelekea wapi pale tu unapotembea. Ukisimama njia panda ukizungukazunguka, mshale wake hauna maana, na ni wakati huohuo unapouhitaji. Kati ya eTrex 22x na 32x, kwa mfano, tofauti kubwa ni hiyo dira pamoja na baromita. Baromita ndiyo jambo la pili. Hupima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa na huchora mteremko vizuri kuliko GPS, lakini haijui kama wewe umepanda au hewa imebadilika. Kwetu hewa hubadilika kwa ratiba: katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji kujaa na kupwa, ukifika juu kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ukiacha kifaa mezani Morogoro kutwa nzima, kinaweza kukwambia meza imepanda na kushuka mita ishirini na zaidi. Kisahihishe kila ukifika mahali penye mwinuko unaojulikana.

Mwinuko, kwa kweli, ni udhaifu wa familia nzima. Setilaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini, ndiyo maana kosa la wima huwa kubwa kuliko la mlalo. Pia GPS huhesabu kutoka kwenye umbo la dunia la kimahesabu, na umbo hilo halifuati usawa wa bahari. Fungua programu fulani za simu ukiwa ufukweni Kigamboni na zitakwambia uko zaidi ya mita ishirini chini ya bahari. Hujazama. Hata Kilimanjaro ina hadithi hiyo: kibao kileleni kinasema mita 5,895, wapimaji wa mwaka 2008 waliotumia GPS za kitaalamu wakapata pungufu kwa mita chache, na kibao hakijatikisika.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Natron na wale "watakaoniona". Kama safari yako inakupeleka mahali pasipo na mnara, na una watu unaowajibika kwao, nunua kifaa kinachosema. Familia ya inReach hutumia setilaiti za Iridium, ambazo ni tofauti kabisa na za GPS, kutuma ujumbe mfupi na wito wa dharura kutoka karibu popote duniani. Kina malipo ya kila mwezi kama king'amuzi cha televisheni, na kisipolipiwa kinakaa kimya. Kabla ya kukitegemea jibu swali ambalo halimo kwenye kijitabu chake: ujumbe ukifika, nani atakuja? Andika kwenye wasifu wa kifaa namba ya mtu mwenye gari, aliyeko Mto wa Mbu au Longido, anayeijua njia. Kituo cha dharura kilicho ng'ambo kitampigia yeye. Hakiwezi kumbuni. Kijana yule alikwenda na inReach ya kukodi na GPS ya kawaida ya mitumba, kwa pesa pungufu ya ile aliyokuja nayo kununua kioo kikubwa.

Mitumba si mibaya, ila ijaribu. Usikubali kuoneshwa ndani ya duka. Chini ya zege hakuna setilaiti, na muuzaji anaweza kulaumu ukuta kwa ugonjwa wa kifaa. Toka nacho nje, mahali unapoona mbingu, ukiwashe na usubiri. Kama kimetoka Ulaya kwa meli na hakijawashwa miezi kadhaa, kinaweza kuhitaji robo saa kupakua upya ratiba ya setilaiti zote, kwa hiyo usikihukumu kwa dakika mbili. Bonyeza kila kitufe. Fungua mlango wa betri uangalie kama kuna kutu ya kijani. Kisha angalia tarehe. GPS ya zamani huhesabu wiki hadi 1,024 na kuanza tena sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na tena tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa kisichosasishwa kitakuonesha mahali sahihi kabisa na kukuapia kwamba ni miaka ishirini iliyopita, na nyayo zako zote zitaandikwa tarehe hiyo. Ukikiona hivyo mwombe muuzaji akisasishe mbele yako. Akikwambia hiyo ni kawaida, mrudishie kwa heshima, umuulize bei ya betri za litiamu.